Mwombe Mzazi Akuruhusu

Dukani, chumba cha pasi,
Jumamosi, baada ya kufunga.

Mpendwa mdogo wangu, Injinia,

Salamu nyingi zikufikie kutoka kwa dada yako. U hali gani huko ughaibuni? Wifi yangu hajambo? Na mapacha je? Mara ya mwisho uliniambia mmoja anakohoa, na tangu siku hiyo kila nikikunja shuka nakiwaza kifua cha yule mtoto. Mpe maji ya uvuguvugu, ya kwenye friji asiyaguse hata akilia. Sisi huku tunaendelea. Mgongo wangu ni uleule, nikiinama unalalamika, nikisimama unanung'unika, lakini kazi zinakwenda na kula tunakula. Nikisema tunaendelea namaanisha miili. Mengine nakuja nayo.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mimi niliyezoea kukutumia meseji hata ya kukuambia wingu limetanda. Nimechagua karatasi kwa sababu karatasi huwezi kuifunga, na pia huwezi kuijibu kwa kidole gumba. Nimekuandikia meseji ndefu mara tatu juu ya haya nitakayoyasema, na mara zote tatu umenirudishia kile kidole cha njano kilichosimama kama askari wa gwaride. Nikikupigia, uko kikaoni. Ukinipigia wewe, simu uliyonipa inakataa kuita kwa kuwa ni saa za kazi. Basi nimemwomba binti wa fundi viatu, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye anakuja huko kusoma. Anapanda ndege kesho, na ameniapia kwamba Jumatatu barua itakuwa mkononi mwako. Isome yote, na uisome umekaa.

Nianze na shukrani, usije ukasema dada yako hana adabu. Ulipokuja likizo na zile simu tano ndani ya sanduku, hakuna ambaye hakufurahi. Mama alilala na yake chini ya mto. Ulipotueleza kwamba ndani yake kuna programu, na kwamba wewe hukohuko uliko utachagua kipi kifunguke na kipi kisifunguke, nani apige na nani asipige, na utatuona kwenye ramani tulipo, tuliitikia "sawa, Injinia" kama tunavyomwitikia daktari. Na sababu zako zilikuwa na maana. Ulisema Kitinda wangu anakesha na michezo, ni kweli. Ulisema dukani watu wanachezea simu hadi nguo za wateja zinaungua, na hilo lilishatokea, lile shati la mwalimu mkuu sijalisahau. Ulisema Mama atatapeliwa, na kweli yule mwanamume aliyemwambia ameshinda gari nusura atajiwe namba ya siri. Kwa hiyo sisemi umekurupuka. Nasema umepitiliza, na sasa maji yamezidi unga.

Sikiliza ya Mvuke kwanza. Ndiye mpiga pasi wetu, yule mrefu anayeinama kila akipita mlangoni hata mlango ukiwa mkubwa. Unajua desturi ya duka hili. Nguo ikifika kaunta haiendi kwenye maji kabla doa lake, tundu lake na kifungo chake kilichokatika havijaonwa mbele ya mwenyewe. Zamani Baba alikuwa akilichora doa kwa penseli nyuma ya risiti. Siku hizi Mvuke anapiga picha. Wewe huko ukaona mfanyakazi anapiga picha mamia kwa siku, ukadhani anajipiga yeye, ukafunga kamera. Mdogo wangu, Mvuke hana hata picha moja ya uso wake kwenye simu ile. Ana kola, makwapa na mapindo ya suruali za mji mzima.

Wiki haijaisha, akaja bibi mmoja na gauni lake la hariri, akaweka kidole kwenye tundu akasema tumelichoma sisi. Tundu hilo Mvuke aliliona siku ya kwanza, akamwonyesha, na yule bibi akakubali kwa mdomo wake. Lakini picha iko wapi? Mvuke alisimama pale mikono mitupu, akiniangalia mimi, nami nikiangalia dari. Tumemshonea, tumemfulia upya, na bado ametoka akitutangaza barabara nzima. Mvuke amerudia penseli ya Baba. Anachora vibaya, doa la mafuta linatoka kama jogoo, lakini wateja wanalitambua.

Mimi mwenyewe, mwenye duka, umeniweka kundi la wafanyakazi. Sawa, nafanya kazi, sikatai. Lakini asubuhi nataka kutazama kama mvua itanyesha, maana nikianika mashuka ya nyumba ya wageni yakalowa, kazi yote inarudi mwanzo. Simu inaniambia, "Programu hii haihusiani na kazi yako." Mvua na dobi havihusiani. Hilo umeligundua wewe peke yako tangu dunia iumbwe. Sasa natoka uani, nashika kiuno, natazama mawingu, na majirani wananiuliza kama naona ndege.

Na Kitinda, yule hasa uliyemlenga, yuko huru kuliko sisi sote. Hazikupita siku mbili akagundua kwamba akibadilisha saa ya simu, muda wa kulala haumfikii. Sisi tunaingia usiku, yeye kwake kumekucha. Nilipomkamata nilimnyang'anya simu nikaizika ndani ya kapu la nguo chafu, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu mwanzo bila kumsumbua mtu aliye ng'ambo. Niliudhika, halafu nikacheka, halafu nikaudhika tena. Katika wote uliotufunga, aliyejifungua ni yule uliyemkusudia.

Kama ingeishia hapo ningekutania tu na maisha yangeendelea. Sasa nafika kwa Mama, na hapa tafadhali usisome haraka.

Programu yako ina makundi mawili basi. Mtu ama ni mtoto, ama ni mfanyakazi. Ulipofika kwa Mama ilikubidi uchague, na kwa kuwa hapigi pasi siku hizi, ukamweka kwa watoto. Labda ulicheka ulipobonyeza. Sisi nasi mwanzoni tulicheka. Simu yake ikaanza kumletea bata wa njano aliyevaa kofia, na kila siku bata anamwambia, "Hongera, rafiki mdogo, umepata nyota tatu." Mama akawa anatuonyesha bata wake, anamjibu, "Ahsante, baba." Tukadhani ni kichekesho kitakachopita chenyewe.

Halafu ukaja muda wa kulala. Uliweka saa tatu usiku, muda mzuri kabisa kwa mtoto. Ila uliuweka ukiwa huko, na simu ya Mama inafuata saa za huko. Saa tatu yako ya usiku kwetu ni saa tisa alasiri, jua linawaka, nguo ziko kambani. Hapo ndipo bata anapovaa shuka na kumtakia Mama usingizi mwema. Simu inaamka usiku wa manane, Mama mwenyewe akiwa amelala fofofo. Niliyaandika haya kwenye meseji ya kwanza, na nikapata kidole gumba cha kwanza.

Wewe unajua alasiri ya Mama ni ya nani. Tangu tuko wadogo, alasiri ni ya Mama Mkubwa. Walipokuwa mtaa mmoja walikutana kwenye kile kibaraza cha saruji, na walipotengana wakahamia kwenye simu. Dada mkubwa na dada mdogo, kila siku, bila kukosa, wakibishana nani aliuvunja mtungi wa bibi yao, kesi yenye umri kunishinda mimi. Mama alikuwa akimaliza kula anaosha mikono, anafuta miwani, anakaa. Kumnyima Mama alasiri ni kumnyima siku nzima.

Na sasa kuna hili, ambalo niliandika kwenye meseji ya pili, lakini kwa jinsi ulivyojibu sidhani kama ulifika mwisho. Mama Mkubwa ana uvimbe kooni. Wamemhamishia kwa binti yake, mji ule wenye hospitali kubwa, na Alhamisi ijayo anapasuliwa. Daktari anasema Mungu akijalia atapona, ila sauti itaondoka pamoja na uvimbe na haitarudi. Baada ya Alhamisi Mama Mkubwa ataandika, atapunga mkono, atacheka bila mlio. Ile sauti iliyokuwa inavuka barabara na kukukuta unacheza, "Kipande, njoo uoge," ndiyo tunayoiaga. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani anayekuita Kipande. Mimi sijamsikia.

Alipohamia kwa binti yake akachukua laini mpya. Laini mpya maana yake namba mpya, na namba mpya kwako ni mgeni. Siku ya kwanza alipompigia Mama, simu haikulia kabisa, ila bata alitokea ameinua bawa, chini yake kuna maandishi. Mama akavaa miwani akayasoma kwa sauti, neno moja moja, pale kaunta, wateja wawili wakisikia: "Mtu huyu hayumo kwenye orodha yako. Mwombe mzazi akuruhusu." Akaniangalia. Akasema, "Mzazi gani? Mimi wazazi wangu nimewazika wote wawili."

Nikamweleza kwamba mzazi ni wewe. Nilimweleza taratibu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona aibu, kama vile mimi ndiye niliyebuni. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akabonyeza Omba. Akakaa kwenye lile benchi la wateja na simu juu ya goti, akisubiri, na chai yake ikapoa pembeni hata hakuionja. Mchana ukaja jibu. Bata safari hii ameinamisha kichwa: "Mzazi wako amekataa."

Najua hukujua ni nani. Uliona namba ngeni, ukakumbuka yule tapeli wa gari, ukakata, na pengine ulirudi kwenye kikao chako umeridhika kwamba umemlinda mama yako. Lakini Mama hakuiona ile namba uliyoiona wewe. Aliona neno "amekataa" na akajua limetoka kwako. Alinyanyuka akaenda kukunja foronya, na zile foronya zilikuwa zimeshakunjwa.

Mama Mkubwa naye si mtu wa kushindwa. Asubuhi ndipo sauti yake ina nguvu kidogo, ikifika mchana inakuwa mnong'ono, kwa hiyo akaanza kumrekodia Mama ujumbe wa sauti kila akiamka. Zikapangana kwenye simu ya Mama, leo moja, kesho mbili. Mama akibonyeza, bata anafunika macho: "Maudhui haya hayafai kwa umri wako." Umri wake, Injinia. Mwanamke aliyezaa, akazika mume, akaendesha duka hili kwa pasi ya mkaa. Hapo hakuna mtu aliyecheka, hata Kitinda.

Usidhani tulikaa tumeshika tama. Kitinda alijitolea kuichezea simu ya bibi yake kama alivyoichezea ya kwake. Mama akamkataza, akasema hawezi kuiba kitu ambacho ni chake. Mimi nikashauri Mama Mkubwa azitume kwangu. Mama akaniuliza tangu lini mimi nikawa nasikiliza maneno yake na dada yake kabla yake. Na hata angekubali ingebidi angoje hadi jioni, maana kwangu ujumbe wa sauti haufunguki saa za kazi, na saa za kazi umeziandika wewe, mtu usiyejua mashuka ya nyumba ya wageni yanakuja saa ngapi. Nikasema basi nimnunulie kisimu kidogo cha tochi. Akasema simu amepewa na mwanawe, hawezi kuitupa, ila kuipigia magoti pia hawezi.

Shemeji yako asubuhi huondoka na kisimu chake, ikabaki simu ya mezani hapa dukani. Jumatano asubuhi nilimwunganisha. Mashine mbili zilikuwa zinanguruma, Mvuke anapuliza mvuke wake, na Mama ameliziba sikio moja kwa kidole, mkono wa simu umebanwa kwenye lingine. Mama Mkubwa akaanza kusema. Nilimwona Mama akiitikia, "Eeh. Eeh. Eeh, dada," na nikajua kwa macho yake kwamba hasikii hata neno moja. Nilikimbia kuzima mashine. Nilipozizima alikuwa ameshaweka simu chini, akasema ahsante, wamezungumza vizuri.

Nimekukasirikia sana siku ile. Nakuambia waziwazi ili usije ukaambiwa na mtu mwingine. Nilikunywa maji, nikakaa, nikasimama, nikakuandikia ile meseji ya tatu, ile iliyokuwa na maneno mabaya kidogo, nikaituma jioni simu yangu iliporuhusiwa kuwa simu. Asubuhi nikaamka nikakuta gumba.

Asubuhi hiyohiyo, juzi, nilimkuta Mama amevaa viatu vyake vya safari. Mkoba uko mlangoni. Tangu tumzike Baba hajawahi kutoka nje ya mji huu, na magoti yake unayajua, ngazi tatu ni mlima. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akanijibu akifunga kilemba, "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nakwenda mwenyewe." Nilibisha kidogo kwa ajili ya desturi. Shemeji yako akachukua koti akasema atamsindikiza. Yeye ndiye mtu pekee humu ndani aliyeikataa simu yako tangu siku ya kwanza, na kile kisimu chake kilichofungwa kwa mpira ndicho kilichotuletea habari kwamba wamefika salama.

Anapiga kila asubuhi, hapa kwenye simu ya mezani, na siku hizi mashine nazizima kabla. Anasema wale wawili hawanyamazi. Daktari amemwambia Mama Mkubwa aitunze sauti, naye amemwuliza aitunze mpaka Ijumaa ili aifanyie nini. Kwa hiyo wanazungumza, Mama amemsogelea mdomoni kabisa, kichwa kwa kichwa. Leo asubuhi Mama Mkubwa amekiri kwamba mtungi aliuvunja yeye. Shemeji yako anasema Mama alilia kwa hilo kuliko alivyolia msibani kwa Baba. Anamwuliza dada yake sasa watabishana nini.

Sasa nenda kafungue ramani yako. Utamwona Mama yupo nyumbani, alama yake imetulia palepale. Hayupo. Iliyotulia ni simu, na simu iko kwenye droo ya foronya. Jana nilifungua droo kutafuta foronya ya mteja, nikakuta bata amesherehekea, amempa Mama nyota tano kwa kushinda siku nzima bila kugusa simu. Kwa mujibu wa ripoti unazoletewa, mama yako hajawahi kuwa mtoto mzuri kama wiki hii.

Nimechoka, Injinia. Nimekasirika na nimekukumbuka, vyote kwa pamoja, na sijui kipi kimezidi. Nikiwa napiga pasi nimejaribu kufikiri kwa nini mtu mwenye akili kama zako, aliyeifungua redio ya Baba akiwa na miaka saba na kuirudisha ikiwa nzima, afanye jambo kama hili. Nadhani na wewe umetukumbuka. Nadhani usiku, wakati mapacha wamelala, unafungua ile programu na kutugusa mmoja mmoja, huyu unamfungia hiki, yule unamfungulia kile, na unajiona uko hapa kaunta pamoja nasi. Kama ni hivyo nakuonea huruma. Lakini sisi huku hatukuoni, tunaona bata tu.

Kuhusu duka, ukipata nafasi mrudishie Mvuke kamera yake na mimi mvua yangu. Kitinda niachie mimi, kapu la nguo chafu linatosha. Hayo yanaweza kungoja hata mwaka. Hili moja haliwezi. Nyuma ya karatasi hii nimeandika ile namba uliyoikataa. Barua ukiipata Jumatatu, una Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Piga asubuhi ya huku, sauti ikiwa bado ina nguvu. Najua asubuhi yetu kwako ni mchana na utakuwa kikaoni. Toka kikaoni. Usimweleze habari za programu wala makundi wala usalama, hana muda wa hayo. Mwambie tu ni wewe, halafu nyamaza, umwache akuite Kipande. Mama atakuwa ameketi hapohapo pembeni, na ukiwa na la kumwambia utamwambia. Mimi sitakufundisha maneno.

Shemeji yako, hata kwa mbali, anakusalimu, na anakuuliza kama huko ng'ambo bado wanauza mipira ya kufungia simu. Mvuke anakusalimu, anasema ukija atakuchora. Kitinda anakusalimu, mjomba wake, na anakuahidi hatabadilisha saa tena, usimwamini. Fundi viatu na mkewe wanakuombea. Msalimie sana wifi yangu, uwakumbatie mapacha kwa niaba ya shangazi yao, na yule wa kikohozi umwongezee kumbatio moja.

Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi isiyokula usingizi wako, na akurudishe nyumbani tukiwa bado tupo wa kukupokea.

Dada yako akupendaye, na ambaye leo amekununia,

Dada wa Pasi

Nilitaka kusahau. Juzi kabla hajatoka, Mama alimwita Kitinda amwandikie kwenye simu yake, kwenye kile kisanduku cha kuombea ruhusa, pale panapouliza sababu. Akamtajia mwenyewe, polepole: "Naenda kumwona dada yangu." Akavaa miwani akahakikisha hakuna kilichokosewa, akabonyeza Omba kwa kidole chake, akaifunika simu kwa foronya, akabeba mkoba. Hakungoja. Ombi hilo bado limo kwenye simu yako, linasubiri jibu. Usihangaike kulijibu, ameshafika.